Kanyaga, Usiachie

Madereva wa karakana yetu waliniita Dada Fomu. Mimi niliwaita waongo. Sikuwaambia usoni. Niliwaita hivyo kimoyomoyo, kisha nikaliandika neno hilo kwa lugha ya kiofisi kwenye nafasi ya maoni.

Mimi ni mkaguzi wa usalama wa magari katika kampuni ya kusambaza maji. Nina shahada, na wakati ule niliamini kwamba inatosha. Ukimwuliza dereva hali ya gari lake, jibu huwa moja tu: "Halina shida, dada." Tairi zina vipara, halina shida. Taa moja imekufa, halina shida. Siku moja nilimkuta mmoja amefunga mlango kwa kamba ya katani, ananikazia macho bila kupepesa. Halina shida.

Kwa hiyo Taratibu alipokufa, sikushangaa.

Taratibu lilikuwa jina la utani la dereva wa Namba Saba, pikapu nyeupe iliyobeba mabomba na vipuri. Walimwita hivyo kwa sababu aliendesha kama mtu aliyepakata mayai. Jumatatu moja, jioni, akiteremka kutoka kwenye tangi la maji lililoko kilimani, gari liliacha barabara kwenye kona ya tatu, kona ya mwisho, likaingia korongoni. Gari lilitolewa na mikwaruzo na taa iliyovunjika. Yeye alitolewa amefunikwa shuka.

Ripoti ilikuwa yangu. Nililikagua Namba Saba uani, baada ya kuburutwa hadi karakana. Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga breki mara moja. Ngumu. Nikavuta breki ya mkono: kra, kra, kra, ikapanda. Nikatazama gia: ilikuwa huru, haijashika kitu. Nikaandika: Breki imara. Breki ya mkono inafanya kazi. Dereva aliteremka mlima gia ikiwa huru. Uzembe wa dereva.

Dakika tisa. Nazijua kwa sababu fomu ina sehemu ya kuandika muda.

Neno uzembe lilikuwa na uzito wake. Kwa kanuni za kampuni, dereva akifia kazini, familia yake hubaki kwenye nyumba ya kampuni mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Akifa kwa uzembe wake, wanapewa siku thelathini za kufungasha. Taratibu aliacha mke na watoto watatu. Kamati ilikuwa ikutane Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, ipitishe ripoti yangu.

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, saa kumi na moja na nusu jioni, ripoti ikiwa ndani ya mkoba wangu, simu ikaita kutoka kilimani. Pampu imesimama. Beringi imevunjika. Walitaka nyingine kabla giza halijaingia, la sivyo mji ungeamkia mabomba makavu.

Magari yote yalikuwa nje. Lilibaki moja.

"Namba Saba lipo," alisema fundi mkuu, akijifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. "Tumelinyoosha, tumeliwekea taa. Peleka wewe, binti. Leseni si unayo?"

"Nani amelijaribu?"

"Alilijaribu nani zaidi yako?" Akachomoa nakala ya fomu yangu kwenye msumari wa ukutani, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mapenzi ya mtoto wa shule. "'Breki imara.' Umepiga na mstari chini yake. Au tusikuamini?"

Mafundi wawili walikuwa wamelala chini ya gari jingine. Sikuona nyuso zao. Niliona miguu tu, ikitikisika kwa kicheko.

Sina uhakika. Maneno mawili. Ningeyasema, ripoti ingefia palepale na mama yule angebaki na nyumba yake. Lakini niyaseme mbele ya watu wale? Mbele ya miguu ile?

"Nipe ufunguo," nikasema.

Mimi ni mtu wa hatua. Nilirekebisha kiti. Nikaweka sawa vioo vitatu. Nikafunga mkanda. Gia huru, klachi chini, ufunguo. Ndani mlikuwa na harufu ya chuma kilicholowa, na chini yake kitu kitamu kidogo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagika. Nikafungua dirisha.

Nilikuwa sijamaliza mtaa wa kwanza, kengele ikaanza.

Ti. Ti. Ti.

Taa nyekundu kwenye dashibodi: abiria hajafunga mkanda.

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Hata mkoba nilikuwa nimeuweka nyuma ya kiti changu. Sensa imekufa, nikajiambia. Madereva wetu wana tiba yao kwa hilo: wanaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, kengele inanyamaza, na wao wanasahau. Nimewaandikia maonyo kwa tabia hiyo. Niliiita ujinga wa kuziba sikio badala ya kuuliza linasikia nini.

Ti. Ti. Ti. Ti...

Kwenye kona ya pili ya mlima nilisimama pembeni, nikanyoosha mkono, nikaufunga mkanda ule.

Kimya.

Mkanda ukifungwa juu ya kiti kitupu hulala. Huu haukulala. Ulikaa umeinuka, umejipinda, kwa unene wa kifua cha mtu.

Nikajiambia umekakamaa kwa sababu ya ajali. Sikutazama mara ya pili.

Juu kilimani, mlinzi wa tangi alikuja na daftari la geti. Mtu mzima, koti limemzidi, kalamu imefungwa kwa uzi shingoni. Akaandika namba ya gari, akaandika saa, akaandika: Watu 2.

"Mmoja," nikasema.

"Samahani, dada?"

"Umeandika wawili. Niko peke yangu."

Akainama, akachungulia upande wa pili. Alichungulia kwa muda. Kisha akakata ile mbili, akaandika moja, polepole, kama mtu anayeweka sahihi kwenye jambo asiloliamini.

"Kama ndivyo unavyotaka," akasema.

Mafundi wa pampu wakapokea beringi. Nilipogeuza gari nitoke, mlinzi alinifungulia geti, akanisogelea dirishani, akanong'ona.

"Dada... mwambie apunguze kucheka. Si vizuri kumcheka mtu anayekuendesha."

"Mjomba, umelewa."

"Laiti," akasema, na akarudi nyuma hatua tatu.

Mlevi, nikajiambia. Wasipokuwa waongo ni walevi.

Mbele ya geti barabara inainama ghafla. Jua lilikuwa limezama, mwanga umebaki ule wa majivu, wa kutosha kuona barabara lakini si mashimo yake. Nikasimama pale ukingoni, mguu kwenye breki, niwashe taa.

"Hivyo ndivyo walivyokufundisha chuoni?"

Sauti ya chini. Kavu. Sauti ya mtu mzima aliyechoshwa na wajinga. Ilitoka pembeni yangu, karibu na sikio.

Shingo yangu ikaanza kugeuka.

"Usigeuke. Dereva anatazama mbele. Au hilo halimo kwenye fomu?"

Sikugeuka. Taratibu, nilijua. Nani mwingine? Gari lake. Mlima wake.

"Kanyaga breki," ikasema.

"Nimekanyaga," nikanong'ona.

"Usiachie. Hesabu."

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka utakapojua. Wewe hukanyaga mara moja ukaandika. Breki si mlango wa jirani, ubishe hodi uondoke. Hesabu, msomi."

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na kwa sekunde chache nilijisikia mshindi. Saba. Nane. Tisa.

Kumi na moja.

Mguu ulikuwa umeshuka. Kidogo tu. Unene wa ukucha.

Kumi na nne. Kumi na tano. Harufu ile tamu ilipanda, ikanijaa puani. Mguu ulikuwa unazama, bila kelele, bila haraka, kama unaokanyaga tope la chini ya maji. Kumi na tisa. Nilikaza goti. Nilikaza mpaka nyonga ikauma. Ishirini na moja...

Soli ya kiatu ikagusa sakafu.

Gari likaanza kuondoka.

Nikavuta breki ya mkono. Kra, kra, kra, kra. Ikapanda hadi mwisho. Gari halikujali.

"Inalia vizuri," ikasema sauti. "Uliandika inafanya kazi. Kulia ndiyo kazi yake?"

Mteremko ulikuwa unatuvuta. Nilisikia kokoto zikiongeza mwendo chini ya tairi. Nikakanyaga breki tena, na tena. Hapakuwa na kitu pale, ni hewa tu.

"Acha kupiga teke. Klachi."

Nikakanyaga klachi.

"Gia ya kwanza. Si hiyo, hiyo ni ya tatu. Ya kwanza. Sasa achia klachi. Polepole, huui mende."

Nikaachia. Injini ikapiga ukelele, gari likatikisika, kisha likazuilika, kama mtu aliyekamatwa ukosi. Likaendelea kuteremka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nililia. Naandika hili kwa sababu nataka maelezo yawe kamili.

"Lia ukitazama mbele," ikasema.

Kona ya kwanza tuliipita huku ikinisema: nimeshika usukani kama mtu aliyening'inia dirishani, nimekata kona mapema, taa zangu zinamulika miti badala ya barabara. Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Haikukosea hata mara moja.

Kona ya pili.

"Gia gani hiyo?"

"Ya kwanza."

"Na siku ile gia ilikuwa ipi?"

"Ilikuwa... huru."

"Uliiona wapi?"

"Uani. Karakana."

"Gari lilifikaje uani?"

Nikazungusha usukani kwanza.

"Lilifikaje, msomi?"

"Liliburutwa."

"Gari linaburutwa gia ikiwa imeshika?"

"Hapana."

"Basi nani aliiweka huru?"

Nilijua. Mtu yeyote aliyewahi kuona gari likivutwa kwa mnyororo anajua. Waliolitoa korongoni walifungua gia kwanza, ndipo wakavuta. Nilikuta gia huru kwa sababu ya mnyororo, nikamwandikia maiti kosa. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungemaanisha kuzungumza na dereva.

"Waliolivuta," nikasema.

"Ahaa. Kumbe shahada inasaidia."

Kona ya tatu. Korongo lilikuwa upande wake, jeusi, limeacha mdomo wazi. Pumzi ikanigusa sikio. Ilikuwa baridi, na ilinuka kama ile dawa ya kikohozi.

"Hapa," ikanong'ona. "Gia ya kwanza. Siku ile pia ilibaki kona hii moja."

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Nitaibadilisha. Naapa, ripoti nitaibadilisha."

Ikacheka.

Kicheko kirefu, cha chini, cha mtu aliyesikia mtoto akijitetea. Kila unywele wa shingo yangu ulitaka kugeuka. Nikang'ang'ania kwa macho mstari wa ukingo wa barabara, niliutazama mpaka macho yakatoka maji, nikazungusha usukani, na korongo likapita.

Chini, pale tambarare inapoanza, niliiegemeza pua ya gari kwenye tuta la udongo. Injini ikafa.

Pembeni yangu nikasikia: tk.

Mkanda ukajirudia wenyewe mahali pake. Nilipopata nguvu ya kutazama, kiti kilikuwa kitupu. Sponji yake ilikuwa imebonyea, na ilikuwa inainuka taratibu, kama inavyofanya mtu akinyanyuka.

Nilimpigia simu fundi mkuu, akanikuta pale baada ya nusu saa, na tochi na uso wa kejeli. Kejeli ilimwisha alipojilaza chini ya gari. Bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu nyuma ya gurudumu, na lilikuwa linadondosha mafuta yenye harufu ile tamu, tone, tone. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umebaki nyuzi mbili.

"Ukikanyaga mara moja huwezi kujua," alisema. "Lazima ushikilie."

"Mbona hamkufungua?"

"Tufungue nini? Tulisubiri fomu yako. Fomu ikasema imara."

"Na mimi niliandika imara kwa sababu nilijua nyie hufungua kwanza."

Tukatazamana, wapumbavu wawili juu ya kaburi la mtu mwenye akili.

Nilimpigia simu dereva wa gari la kuvuta. Akasema ndiyo, yeye mwenyewe aliingiza mkono dirishani akaitoa gia, ilikuwa kwenye ya kwanza, tena ilikuwa imekaza. Akaniuliza kwa nini namuuliza leo wakati siku ile alinisubiri uani saa nzima nimuulize, nikampita kama nguzo.

Asubuhi niliiweka ripoti mpya mbele ya kamati. Niliandika bomba, waya, gia. Niliandika: Mkaguzi alitumia dakika tisa. Meneja aliisoma mara mbili, akaniuliza kama naelewa kwamba nimejiandikia barua ya onyo. Nilielewa. Nyumba ilibaki kwa mama yule.

Ijumaa nilimpelekea nakala. Nilimkuta sebuleni, anatoa sare za shule kwenye masanduku aliyokuwa ameshayafunga. Hakuniambia kaa.

"Umekuja kushukuriwa?"

"Hapana, mama."

"Afadhali." Akakung'uta shati, akalikunja. "Alikwenda kwa fundi mara tatu, kumwambia breki zinazama. Fundi akamwambia Dada Fomu ameshasema kwenye ukaguzi wa mwezi ule kwamba gari zima. Mara tatu, mwanangu. Mdomo wa dereva na karatasi yako, wakaamini karatasi."

Ndipo nikasema la kijinga. Nikamweleza habari za mlimani. Nikamwambia mumewe ndiye aliyeniongoza, mumewe ndiye aliyeniokoa.

Mikono yake ikasimama.

"Sauti hiyo ilikuwa na kigugumizi?"

"Hapana."

"Mume wangu alikuwa na kigugumizi. Kumaliza salamu tu ilikuwa safari. Ilikuwaje, hiyo uliyosikia?"

"Ya mtu... anayekudharau."

Akakaa juu ya sanduku.

"Basi ni yule wake," akasema.

Alinieleza bila kunitazama. Ilianza miezi mitatu kabla ya ajali. Mumewe alirudi jioni, akasema kuna mtu anakaa pembeni yake garini, haonekani, anamfundisha kuendesha. Anamtukana tangu geti hadi geti, lakini hakosei. Tangu hapo akaanza kuendesha polepole, akiogopa kukosea mbele yake, na wenzake wakampa jina. Yeye mke alimsihi aende kwa mtu anayejua mambo hayo, akatolewe. Alikataa. Nikimtoa, alisema, nani mwingine ataniambia breki zinakufa?

"Sharti lake lilikuwa moja," mama akasema. "Asigeuke."

"Na aligeuka?"

"Jumatatu ile alikuja kula mchana, anacheka peke yake. Akaniambia, mke wangu, leo kanisifia. Kaniambia 'vizuri'. Miezi mitatu ya matusi, halafu vizuri. Kazi yote ile, si bosi, si fundi, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo." Akalipapasa lile shati mapajani. "Akasema, nikimsikia tena, nitageuka nimshukuru."

Nje watoto walikuwa wanagombania ndoo. Aliwasikiliza kidogo.

"Wewe kakusifia?"

"Hapana, mama."

"Shikilia hapo hapo," akasema, na akanionyesha mlango.

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Namba Saba lilikatwakatwa likawa chuma chakavu. Nilisimama pale nikatazama mpaka kipande cha mwisho. Siku hizi sisaini fomu kabla sijaendesha gari mwenyewe. Nakanyaga, siachii, nahesabu hadi thelathini. Nawauliza madereva. Wananijibu kwa mkato, na bado wananiita Dada Fomu, na fundi mkuu hunipisha njiani bila kunitazama. Barua ya onyo imebandikwa ubaoni, karibu na ratiba ya zamu.

Jana, saa nane mchana, jua la kuchoma, nilikuwa nalijaribu gari jipya kabisa. Gari lenye harufu ya plastiki. Kwenye mteremko wa sokoni niliweka gia ya pili mapema, nikaangalia vioo, nikampisha mama aliyebeba gunia, nikakata kona bila kugusa breki.

"Vizuri," sauti ikasema pembeni yangu.

Haikuwa kavu. Ilikuwa laini, ya mtu aliyeridhika, kama ya baba.

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Miaka minne nimefanya kazi hii, na sijawahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote. Lilinishuka kifuani kama maji. Nikahisi kidevu changu kikisogea, chenyewe, kidogo kidogo kuelekea bega, na honi ya gari la nyuma ndiyo iliyonishtua.

Sikugeuka.

Kesho nimepangiwa tangi la kilimani.